Kioo cheusi si msiba: kuiamsha kompyuta kuukuu yenye Linux bila kupoteza mafaili

Mwaka jana mwalimu mmoja aliniletea laptopu aliyoifunga kwenye kanga. Taa ya umeme inawaka, feni inavuma, lakini kioo ni giza tupu. Fundi wa kwanza alikuwa ameshamwambia madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, imekufa. Wa pili alitaka kufuta kila kitu aweke mfumo upya, na humo ndani mlikuwa na alama za wanafunzi za mihula mitatu ambazo hazikuwa zimenakiliwa popote pengine. Nilizima taa ya chumba, nikawasha tochi ya simu na kukimulika kioo kwa ubavu, karibu kabisa. Chini ya lile giza maandishi yalionekana kwa mbali: jina lake, na kisanduku cha neno la siri kikimsubiri. Mfumo ulikuwa mzima. Kilichokosekana ni taa ya nyuma ya kioo tu, na dawa yake ilikuwa neno moja lililoongezwa kwenye mstari mmoja.

Nakutana na kesi za aina hii mara nyingi kuliko madabodi iliyokufa kweli. Tangu Microsoft ilipositisha huduma za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kuna kila sababu ya kuziwekea mashine za 2008 hadi 2015 mifumo huria kama Linux Mint, Debian au Xubuntu, na zikaendelea kufanya kazi kwa miaka. Ila Linux ikigoma kuwaka hutoa maandishi meupe juu ya weusi, au haitoi chochote, na mwenye mashine akaingiwa na hofu. Naomba jambo moja kabla hatujaanza: kuweka mfumo upya iwe hatua ya mwisho kabisa. Kwanza tafuta mahali mashine ilipokwama.

Vituo vya safari

Ukibonyeza batani ya kuwashia, BIOS, programu ndogo iliyo ndani ya bodi, inaamka kwanza, au UEFI kwenye mashine za miaka ya 2011 na kuendelea. Inajikagua, inahesabu RAM, inatafuta diski. Ikiipata diski inamwachia kazi GRUB, yule mlinda mlango mwenye menyu ya mifumo. GRUB anapakia keneli, yaani kiini cha Linux, pamoja na initramfs, ambacho ni kifurushi kidogo chenye draiva (programu za kuendeshea vifaa) za kutosha kuifikia diski. Keneli inaishika kadi ya picha, inapachika patisheni kuu (sehemu ya diski yenye mfumo), kisha systemd anaamsha huduma moja baada ya nyingine hadi dirisha la kuingilia litokee.

Kila kituo kina dalili yake. Usipoona hata nembo ya kiwanda, tatizo liko kwenye umeme, RAM au kioo chenyewe, na Linux haijahusika bado. Ukiona nembo kisha ujumbe kama "No bootable device", ni diski au mpangilio wa BIOS. Maneno `grub rescue>` yanamaanisha GRUB kaamka lakini haoni mafaili yake. Menyu ya GRUB ikitokea vizuri halafu giza likafuata, mshukiwa wa kwanza ni draiva ya picha. Ukiangukia kwenye `(initramfs)`, patisheni kuu haikufunguka. Na ukiandika neno la siri sahihi ukarudishwa pale pale, mara nyingi diski imejaa.

Kuna kipimo kidogo ninachokipenda sana kwa kioo kilicho giza: bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima kwa utii, mashine iko hai na inakusikia. Isipobadilika, imeganda. Ikipepesa yenyewe bila kuguswa, keneli imeanguka, na hapo tafuta RAM mbovu au sasisho lililoharibika.

Andaa flashi ya uokoaji

Unahitaji flashi ya GB 4 au zaidi yenye mfumo unaowaka bila kusakinishwa. Linux Mint, MX Linux na antiX zote zina uwezo huo. Kama una kompyuta nyingine yenye Linux, tazama kwanza flashi yako inaitwaje kwa amri ya `lsblk`, kisha:

    sudo dd if=mfumo.iso of=/dev/sdb bs=4M status=progress conv=fsync

Hiyo `/dev/sdb` ihakikishe mara mbili kwa kulinganisha ukubwa. Ukikosea herufi moja utaandika juu ya diski ya mwenzio, na hakuna amri ya kurudisha.

Kwa mashine kuukuu hakikisha prosesa ni ya biti 32 au 64. Core 2 Duo, zilizoanza kutoka 2006, ni za biti 64. Atom N270 ya zile laptopu ndogo za 2008 ni ya biti 32 tu. Debian 12 ndiyo Debian ya mwisho kutoa kisakinishi cha biti 32. Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena. Ubuntu yenyewe iliacha kutoa diski ya biti 32 ya kompyuta za mezani tangu toleo la 17.10. Ukiweka flashi ya biti 64 kwenye mashine ya biti 32 utaambiwa wazi kwamba prosesa haifai, wala usiisumbue zaidi. Pentium M nazo zina kisa chao: baadhi zina PAE, uwezo wa prosesa ya biti 32 kufikia RAM nyingi zaidi, lakini haziutangazi, na Ubuntu na jamaa zake wa biti 32 ziliziwekea neno `forcepae` la kuandika mwanzoni.

Flashi ikiwaka na diski ikaonekana, nakili mafaili ya mtu kwenye diski ya nje kabla ya kugusa kitu kingine. Nimeshaona watu wakianza na matengenezo wakisema mafaili watayatazama baadaye. Diski yenye umri wa miaka kumi haina baadaye ya uhakika. Ukisikia inagonga, tiki, tiki, usiendelee kuisomasoma. Tumia `ddrescue` uipige picha nzima mara moja, kisha ufanye kazi kwenye nakala.

Hakuna hata nembo

Toa chaja, toa betri, shikilia batani ya kuwashia kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki kwenye bodi uishe. Rudisha chaja peke yake, jaribu. Laptopu zinazogoma baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo mara nyingi huamka kwa hili tu.

Ikigoma, fungua mlango wa RAM. Toa vipande vyote, safisha meno ya shaba kwa kifutio cheupe cha penseli, pangusa vumbi la kifutio kwa brashi kavu, kisha rudisha kipande kimoja kimoja ukijaribu kila nafasi. Mji wenye chumvi hewani kama Tanga au Mombasa, kutu nyembamba kwenye meno hayo ni jambo la kawaida, na unaweza kuiona: shaba inakuwa na madoa ya kijani au weusi usiong'aa. Mashine ikiwaka lakini ikawa inaganda ovyo, iache usiku mzima kwenye memtest86+, programu ya kupima RAM. Kosa moja tu jekundu linatosha kukitupa kipande hicho.

Kwa kompyuta ya mezani, tazama waya wa monita umechomekwa wapi. Kama kuna kadi ya picha ya kuongeza, waya uende kwenye kadi, si kwenye tundu la madabodi. Tazama pia kapasita: ikiwa vichwa vimevimba au vimetoa ute wa kahawia, hilo ni la fundi wa kuchomelea. Bodi nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitengenezwa na kapasita dhaifu, na ugonjwa huo unajulikana dunia nzima.

Betri ndogo ya bodi, CR2032, inastahili heshima zaidi ya inayopewa. Ikiwa mpya ni volti 3. Ikishuka chini ya 2.8 hivi, ibadilishe. Ikifa, saa inarudi nyuma miaka mingi kila ukichomoa umeme, na hapo matatizo yanakuja yakiwa yamevaa sura za watu wengine. Kivinjari kinadai tovuti zote si salama. `apt`, amri ya kusakinisha programu, inasema orodha za programu "not valid yet". Ukaguzi wa diski unalalamika kwamba patisheni ilipachikwa mara ya mwisho katika wakati ujao. Mbaya zaidi, mpangilio wa BIOS unajifuta, na diski iliyokuwa kwenye AHCI (mtindo wa kawaida wa kuisoma diski) inajikuta kwenye RAID (mtindo wa kuunganisha diski kadhaa), ambako kuna mashine zinazoificha kabisa isionekane na Linux. Nimekuta maabara ya shule yenye kompyuta saba zilizohesabiwa kuwa mbovu, na tano kati yake zilidai betri hiyo tu. Ukishabadilisha, rekebisha saa na uiandike kwenye bodi:

    sudo timedatectl set-time "2026-01-15 09:30:00"
    sudo hwclock --systohc

Amri ya kwanza ikikataa kwa sababu saa inajipanga kwa intaneti, zima hilo kwanza kwa `sudo timedatectl set-ntp false`.

Tochi kwenye kioo

Kipimo cha tochi kinatenganisha magonjwa mawili yanayofanana. Mulika kioo tangu sekunde ya kwanza ya kuwasha. Kama nembo ya kiwanda nayo inaonekana kwa tochi tu, taa ya nyuma haiwaki kabisa, na hilo ni suala la vifaa: waya wa kioo uliolegea kwenye bawaba, au, kwa laptopu za kabla ya 2010 hivi zenye mirija ya mwanga, kile kibodi kidogo cha inveta chini ya kioo. Lakini kama nembo inang'aa vizuri na giza linaingia Linux ikianza, vifaa ni vizima. Ni keneli iliyoizima taa au imeshindwa kuipa amri.

Chomeka na monita ya nje kwa VGA au HDMI. Picha ikitoka huko, tayari umeshinda nusu: fanya matengenezo yote ukitumia monita hiyo.

Menyu ya GRUB, kisha giza

Hapa ndipo mashine nyingi kuukuu zinapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Zamani BIOS ndiyo iliyopanga picha na Linux ikaitumia hivyo hivyo. Tangu 2009 hivi keneli inaichukua kadi ya picha yenyewe mapema kabisa na kuchagua ukubwa wa picha. Kadi ikiwa ya kizamani au draiva yake ikiwa na kasoro, kioo kinazimika wakati huo huo wa kukabidhiana. Neno `nomodeset` linaiambia keneli iache picha kama ilivyoikuta.

Ili kuliandika, lazima uione menyu ya GRUB. Kwenye BIOS shikilia Shift nembo inapotoweka. Kwenye UEFI gonga Esc, tena kwa kiasi: ukiigonga mno utatupwa kwenye `grub>`, na hapo andika `normal`, bonyeza Enter, gonga Esc mara moja tena. Menyu ikitokea, simama kwenye mstari wa kwanza ubonyeze herufi `e`. Tafuta mstari unaoanza na `linux`, ni mrefu na mwishoni una `quiet splash`. Futa maneno hayo mawili ili uone ujumbe unavyopita, andika `nomodeset` badala yake, kisha Ctrl na X pamoja. Ulichoandika kinadumu kwa safari hii tu, kwa hiyo jaribu bila woga.

Ukiona eneo-kazi limetokea, hata kama picha ni kubwa na nzito, umethibitisha kwamba mgonjwa ni draiva. Wengi huishia hapo wakaiacha `nomodeset` milele. Siwashauri. Video zitakwamakwama, prosesa itachoka kwa kazi ya kadi ya picha, na laptopu nyingi zitakataa kulala na kuamka. Tumia nafasi uliyoipata kutafuta dawa halisi. Anza kwa kumjua mgonjwa:

    lspci -nnk | grep -A3 -i vga
    sudo dmesg | grep -i firmware

Kama ni Radeon na amri ya pili inaonyesha mafaili yaliyoshindwa kupakiwa, kinachokosekana ni fimwea, programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe. Kwenye Debian sakinisha `firmware-amd-graphics`. Visakinishi rasmi vya Debian kabla ya toleo la 12 havikuja nayo, kwa hiyo mashine zilizowekewa Debian 10 au 11 ndizo zinazougua hivi zaidi.

Kama ni NVIDIA, uliza historia. Je, giza lilikuja baada ya kusasisha? Kadi za GeForce 8 mpaka 300 zilitegemea draiva ya kiwanda namba 340, na huduma yake ilikoma mwishoni mwa 2019. Ile ya 390 ikafuata mwishoni mwa 2022. Keneli mpya ikiingia, draiva hizo hazijengeki tena na kioo kinabaki cheusi. Kwenye menyu ya GRUB fungua "Advanced options", chagua keneli ya zamani, na ukishaingia iondoe draiva hiyo uiachie kazi nouveau, draiva huria:

    sudo apt purge 'nvidia*'
    sudo update-initramfs -u -k all

Intel zina ugonjwa wa ajabu unaohitaji jicho. Laptopu za kizazi cha GM965, za 2007 na 2008, hudhani zimeunganishwa na televisheni ambayo haipo. Keneli inatuma picha kwenye televisheni hiyo ya kufikirika na kupanga kioo chako kwa ukubwa wake. Bodi ndogo za mezani zenye Atom hufanya hivyo kwa kioo cha laptopu wasichonacho. Washa kwa `nomodeset` uone mfumo ni mzima, kisha uwashe bila neno hilo ukiwa na monita ya nje na uulize:

    grep . /sys/class/drm/*/status

Ukiona `SVIDEO-1` ina jibu la `connected` na hakuna waya wowote wa televisheni, umemkamata. Neno la kuandika ni `video=SVIDEO-1:d`, na kwa zile bodi za Atom ni `video=LVDS-1:d`. Herufi `d` inaamuru tundu hilo lizimwe.

Na pale ambapo tochi ilionyesha picha chini ya giza, jaribu maneno haya, moja kwa kila safari, usiyachanganye: `acpi_backlight=vendor`, `acpi_backlight=native`, `acpi_backlight=video`. Laptopu ya yule mwalimu iliamka kwa la kwanza. Ukitaka kuhakikisha kwa mkono, tazama jina lililopo kwenye `/sys/class/backlight`, soma namba ya `max_brightness`, kisha iandikie namba iliyo chini yake kidogo:

    echo 600 | sudo tee /sys/class/backlight/intel_backlight/brightness

Ukipata neno linalofanya kazi, ndipo ulifanye la kudumu. Fungua `/etc/default/grub` kwa `sudo nano`, liongeze ndani ya alama za nukuu za mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`, hifadhi, kisha `sudo update-grub`. Amri hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika, na mtu anarudi siku ya pili akisema dawa haikufanya kazi.

GRUB amepotea

Ukikuta `grub rescue>`, andika `ls` uone patisheni zilizopo, kisha zichungulie moja moja kwa mfano `ls (hd0,msdos1)/boot/grub`. Ile inayojibu kwa orodha ya mafaili ndiyo yenyewe. Endelea hivi:

    set root=(hd0,msdos1)
    set prefix=(hd0,msdos1)/boot/grub
    insmod normal
    normal

Menyu itarudi. Ukishaingia, endesha `sudo grub-install /dev/sda` na `sudo update-grub` ili irudi moja kwa moja. Isipowezekana, washa kwa flashi, na hapa nachukulia patisheni kuu ni sda2:

    sudo mount /dev/sda2 /mnt
    for d in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$d /mnt/$d; done
    sudo chroot /mnt
    grub-install /dev/sda
    update-grub

Kwa mashine ya UEFI, kabla ya `chroot` pachika pia ile patisheni ndogo ya EFI kwenye `/mnt/boot/efi`. UEFI za mwanzo mwanzo nyingine zina kichwa kigumu: hazikumbuki jina la mfumo ulilosajili, zinatafuta faili moja tu lenye jina la kawaida. Hizo zipe wanachotaka:

    grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --removable

Umeme ulikatika, sasa ni (initramfs)

Hili tunalijua sote tunaoishi na umeme wa kukatika. Mashine ilikuwa inaandika kwenye diski, giza likaingia mtaani, na ukaguzi wa kawaida umekuta makosa ambayo haukuthubutu kuyarekebisha bila ruhusa yako. Mara nyingi ujumbe wenyewe unataja patisheni. Itaje nawe:

    fsck -y /dev/sda2
    exit

Kama badala yake unaambiwa UUID fulani (namba ya utambulisho ya patisheni) "does not exist", andika `cat /proc/partitions`. Diski isipokuwemo kabisa, zima ukaze waya wa SATA. Ikiwemo lakini inachelewa kuamka, ongeza `rootdelay=10` kwenye mstari wa `linux` kama tulivyofanya juu.

Ukishaingia, usiondoke bila kuiuliza diski hali yake. Sakinisha `smartmontools`, kisha `sudo smartctl -a /dev/sda`. Namba za `Reallocated_Sector_Ct` na `Current_Pending_Sector` zikiwa sifuri, vizuri. Zikipanda wiki hadi wiki, diski inaaga. Nunua SSD ndogo hata ya GB 120, mashine yenyewe itakushukuru kwa kasi. `UDMA_CRC_Error_Count` ikiwa kubwa, badilisha waya kwanza kabla ya kuilaumu diski.

Neno la siri ni sahihi, lakini inakurudisha

Bonyeza Ctrl, Alt na F3 pamoja. Utapata kioo cheusi cha maandishi. Ingia kwa jina na neno la siri lile lile. Andika `df -h`. Patisheni yenye alama ya `/` ikiwa imefika 100%, eneo-kazi halina pa kuandika hata faili moja la muda, ndiyo maana linaanguka. Punguza:

    sudo apt clean
    sudo journalctl --vacuum-size=100M
    sudo apt autoremove --purge

Kama nafasi ipo, tazama `ls -l ~/.Xauthority`. Ikiwa mwenyewe anasomeka root (msimamizi mkuu wa mfumo) badala ya wewe, kuna mtu aliendesha programu ya madirisha kwa `sudo`. Mrudishie mwenye mali: `sudo chown $USER:$USER ~/.Xauthority`. Na kama umeme ulikatika katikati ya kusasisha, `sudo dpkg --configure -a` ikifuatiwa na `sudo apt -f install` humalizia kazi iliyoachwa njiani. Ukitaka kujua kilichotokea safari iliyopita, `journalctl -b -1 -p err` inakusimulia makosa tu.

Kwa mashine yenye RAM chini ya GB 4 ninapendelea eneo-kazi jepesi la Xfce au LXQt kuliko GNOME. Kadi ikikosa nguvu, GNOME huchora kila kitu kwa prosesa, na Core 2 Duo ikifanya hivyo utaisikia feni kabla hujaona dirisha.

Picha ipo, ila ukubwa si wake

Monita kuukuu ikiunganishwa kwa waya wa VGA uliopungukiwa pini haiwezi kuitajia kompyuta vipimo vyake. Kompyuta inabahatisha 1024x768, herufi zinanenepa. Tazama pini za waya kwanza. Ukikosa waya mwingine, kwenye Xorg, mfumo wa zamani wa kuchora madirisha, pima mwenyewe, kwa mfano monita ya mraba ya inchi 17 au 19:

    xrandr --newmode "1280x1024_60" 109.00 1280 1368 1496 1712 1024 1027 1034 1063 -hsync +vsync
    xrandr --addmode VGA-1 "1280x1024_60"
    xrandr --output VGA-1 --mode "1280x1024_60"

Namba hizo zinatoka kwa amri ya `cvt 1280 1024 60`. Kwa monita ya kipimo kingine badilisha ipasavyo, na jina la tundu lisome kwa `xrandr` tupu. Njia ya kudumu, inayofaa hata kwenye Wayland, mrithi wa Xorg, ni `video=VGA-1:1280x1024@60` kwenye mstari ule ule wa GRUB.

Na mashine ikiganda katikati ya majaribio yote haya, usiing'oe waya. Shikilia Alt na PrtSc, gonga S, subiri sekunde chache, U, subiri, kisha B. Diski inamaliza kuandika, inafungwa, mashine inawaka upya bila kukuletea kesi nyingine ya `(initramfs)`.

Ikishapona, chukua kipande cha karatasi yenye gundi ubandike tumboni mwa mashine: tarehe ya betri ya CR2032, jina la mfumo, na neno uliloongeza kwenye GRUB. Ya yule mwalimu imeandikwa `acpi_backlight=vendor`, kwa kalamu ya wino usiofutika, juu ya mlango wa RAM.